Sifuri Niliyoiandikia Kishushe

Nitawasimulia, lakini mcheke kwa kiasi, maana wako watu Voi ambao wakinikumbuka hawakumbuki lingine ila hili. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mtu wa redio koli katika mradi mmoja wa maji. Vituo vyetu vilikuwa Werugha, Mata na Kishushe, na kwa kuwa vyote vilitumia masafa yale yale ya hewani, kila kimoja kilingoja zamu yake na jumbe zilirundikana. Kwa hivyo kila asubuhi niliviita nikauliza, una jumbe ngapi zinazongoja, na wa zamani zaidi umengoja siku ngapi? Majibu niliyaandika kwa chaki kwenye ubao mkubwa ukutani, na Injinia Mwakio, mkubwa wetu, aliutazama ubao huo akaamua gari letu moja liende wapi na fundi.

Jumatatu moja Kishushe haikujibu. "Kishushe, Kishushe, wanipata? Ova." Mvumo tu. Kanuni ilikuwa niache nafasi wazi na nimwambie Injinia atume gari likaangalie, lakini Alhamisi wageni wa Nairobi walikuwa wanakuja kuuona huo ubao (Injinia alikuwa ameusifu sana kwenye barua), na mimi nafasi wazi niliiona kama pengo la jino, basi nikaandika sifuri, nikijiambia wangekuwa na shida wangeita. Jumanne nikaandika sifuri kwa sababu jana ilikuwa sifuri. Jumatano hata kuita sikuita (hapo sina la kujitetea).

Alhamisi wageni wakaja, wakapewa chai, Injinia akaelekeza fimbo ubaoni. "Kishushe ndicho kituo chetu bora. Hakuna ujumbe hata mmoja unaongoja." Mama mmoja mgeni akaandika hilo kwenye daftari lake, nami nikasimama pale kifua mbele, nikitabasamu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkamburi, karani wa Kishushe, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepanda lori la ng'ombe, na mikononi amekumbatia betri ya redio.

"Bwana Salim, betri imekufa tangu Jumatatu. Mbona hakuna aliyekuja kutuangalia?" Kisha akauona ubao. "Hiyo sifuri umepewa na nani?"

Injinia naye akaniuliza, taratibu, "Salim, umepewa na nani?"

"Hakuna, Injinia. Nimeiandika mwenyewe."

Mama wa daftari akaweka kikombe chini. Mkamburi akatoa karatasi zake, jumbe kumi na moja, na wa kwanza ulisema mkanda wa pampu umekatika, watu wanachota maji kwenye shimo moja na ng'ombe, watoto wawili wanaharisha. Na fundi alikuwa wapi? Werugha, huko juu kwenye ukungu, anakaza koki iliyokuwa ikidondosha, kwa sababu ubao wangu ulisema Werugha ndiko kwenye shida.

Injinia akanipa chaki. "Futa. Andika ya kweli, na uisome kwa sauti."

Nikafuta, nikaandika, nikasoma, "Kishushe, kumi na moja, siku nne," na sauti ilitoka kama ya mtu anayekiri shtaka.

Fundi aliitwa kwa redio ashuke na gari, na alasiri tukaondoka na mkanda mpya, mimi nikiwa mbeba vifaa. Mkamburi alikaa katikati yetu, na barabara ilipoanza kuturusha akasema, bila hata hasira, "Ungeacha wazi tu, Bwana Salim. Wazi ingeniletea gari."

Pampu iliwaka kabla jua halijazama. Wale watoto walipona, nilihakikisha kwa kwenda kwao mwenyewe, na mama yao alinipa kiti bila kujua mimi ni nani, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Tangu hapo namba ambayo sikuisikia kwa masikio yangu siiandiki, hata aje mgeni wa kutoka wapi.