Mfagiaji wa Kariakoo aliyeacha ufagio nyumbani

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, Chiku Mfaume anamalizia kufagia kipande chake cha Mtaa wa Kongo kabla machinga hawajatandika bidhaa. Hana mchezo na ufagio. Maganda ya miwa, mifuko ya nailoni, vizibo vya soda, vyote anavikusanya pamoja.

"Nikipita mimi, hata jani halibaki," anasema, akivua kizibao chake cha njano.

Sifa hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Ndiyo maana leo, akielekea kituo cha mabasi ya mwendokasi Gerezani, ambako watoto kumi na mmoja wanamsubiri na mifuko ya kitenge mabegani, anajionya njia nzima: leo hafagii kitu.

Chiku, mwenye miaka arobaini na mbili, ni mzaliwa wa Ilala na ana miaka kumi na moja katika kazi ya kufagia barabara. Mshahara wake ni wa kubana matumizi, lakini tangu mwezi uliopita, Jumamosi moja kila mwezi haiuzi kwa mtu. Huwachukua watoto wa maghorofa ya Kariakoo, wanaocheza ngazini kwa kukosa uwanja, akawavusha kwa pantoni hadi Kigamboni kuona mikoko.

Alianza baada ya Charmi, mjukuu wa Mzee Manubhai muuza vitambaa, kumuuliza kama bahari ina mlango wa kuingilia. Chiku alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha roho ikamuuma, maana mtoto ana miaka tisa na Feri, kwenye kivuko cha baharini, ni pua na mdomo.

Mzee Manubhai alikataa wiki tatu nzima. Mwishowe alilegea, akatoa na vipande vya kitenge washonewe watoto mifuko ya kubebea vibakuli, wasiende na vyakula vya pakiti.

Safari ya kwanza ikaharibika, na aliyeiharibu ni kiongozi wake mwenyewe. Chiku alikuwa amebeba ufagio. Aliona ufukwe una majani makavu na mwani, akaona aibu kwa niaba ya wenyeji. Akawapanga watoto mstari, wakafagia chini ya mikoko kama wanafagia Mtaa wa Kongo. Wakajaza viroba vinne. Alijiona kafanya la maana kweli.

Mzee Mwinyimvua, anayelinda mikoko hiyo, alifika akavitazama viroba. Kisha akamwambia, "Mama, hayo majani ndiyo ugali wa kaa. Umewafagilia chakula chao chote."

Walitumia saa mbili kurudisha jani kwa jani. Mzee akawapa nafasi moja tu: waje tena, watazame, cha pale wakiache pale. Wakikosea, ndiyo basi.

"Nilimweleza Mzee Manubhai ukweli, akacheka hadi akapaliwa," anasema Chiku. "Mimi sikucheka. Tukifukuzwa, hawa wanangu wanarudi ngazini."

Leo ndiyo hiyo nafasi. Ufagio wa kazini kaupitisha nyumbani kwanza, kauacha huko. Wanashuka pantoni, wanamwamkia Mzee Mwinyimvua, naye anaitikia "Marahaba" bila kutabasamu. Wanafuata njia ileile ya zamani, mmoja nyuma ya mwingine, wasikanyage miche. Kisha wanakaa chini na kunyamaza.

Dakika ya kwanza ni vicheko vya kubanwa. Ya tano, tope linaanza kutoboka. Kaa mwekundu anachungulia, anatoka, anaburuta jani la manjano hadi shimoni kwake. Watoto wanatumbua macho. Jamani, utamu wa kitu kile huwezi kuusimulia ukaisha.

Wanakula, vibakuli vinafunikwa, hakuna kinachobaki nyuma. Chupa mbili za plastiki walizozikuta zinaingia mfukoni mwa Charmi kuondoka nazo, maana taka hizo si za pale. Ndipo Chiku anapoona lundo la majani katikati ya njia. Mkono uliofagia miaka kumi na moja hausubiri ruhusa. Anainama.

Charmi anamshika kiganja.

"Anti, acha. Chakula cha watu hicho."

Chiku anageuka. Mzee Mwinyimvua yuko nyuma yao, kasikia kila neno. Anamtazama mtoto, anamtazama mama mtu mzima aliyeinama, na kwa mara ya kwanza anacheka. Anawaambia mvua zikianza waje kupanda miche, na huyo mdogo ndiye awe msimamizi.

Kwenye pantoni Chiku haishi kusimulia. Anataka wafagiaji wenzake wawili wa Gerezani nao waanze, kila mmoja na watoto wa mtaa wake. "Na wazazi wao," anasema. "Kuna watu wazima Kariakoo hawajawahi kukanyaga mchanga miaka na miaka."

Pale Gerezani, Mzee Manubhai anasubiri kituoni. Anafungua mfuko wa mjukuu wake kutafuta zawadi ya safari. Kuna kibakuli kitupu na zile chupa mbili kuukuu.

"Sijakuletea kitu, babu," Charmi anasema, kifua mbele. "Vyote nimeviacha kulekule."

Mzee anaukunja mfuko taratibu. Kisha anamgeukia Chiku, anamuuliza safari ijayo wanaondoka saa ngapi, na kama wazee wanaruhusiwa.