Bunduki Isiyolia Siku ya Idi

Juzi kaka yangu aliweka picha kwenye kundi letu la familia: bunduki ya babu imelazwa juu ya busati, ile ya kizamani ya jeshi, ya kutia risasi moja moja. Anaiuza Nizwa kwa wanaokusanya vitu vya kale. Chini ameandika, "Mtutu safi, kama mpya." Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikakaa nikalia. Nawe unanijua, mimi si mtu wa kulia ovyo.

Tulikuwa tukikaa Ibra, Omani. Babu na bibi walirudi kutoka Unguja baada ya Mapinduzi, na masanduku mawili na Kiarabu cha kubabaisha. Bunduki babu aliirithi kwa baba yake. Kila Idi wanaume walitoka uwanjani na silaha zao kucheza razha, wakiimba na kurusha mapanga, kisha kila mmoja akapiga yake hewani. Nyumbani kulinukia tui la kopo, maana bibi hakukubali Idi bila vitumbua, hata majirani wawe na nyama yao ya tanuri la shimoni. Kazi yangu ilikuwa kuvigeuza. Nikimaliza, mbio uwanjani.

Na kila Idi aibu ile ile. Za wenzake zikilia puu! puu! Ya babu ilifanya "tak" tu, kwani hakuitia risasi. Watoto wa jirani wakicheka: "Ya Wazinjibari haina sauti!" Ndivyo walivyotuita sisi wa Unguja. Iliniuma, nakwambia. Ulimi wetu ulishatufanya wageni. Nilitaka angalau bunduki yetu iseme kama zao.

Nilipokuwa na miaka minane nikamwomba jirani risasi moja ya baruti tupu. Nikampelekea babu mbele ya watu. Akaitazama, akaitia mfukoni, akaniinamia.

"Ahsante, mjukuu wangu. Lakini nyumbani yupo mtu."

Kisha akafyatua: tak. Wakacheka.

Nikarudi nyumbani nalia kwa hasira. Nikamkuta bibi stoo, kakaa juu ya gunia la mchele, viganja masikioni, anatetemeka. Sikuwahi kumwona hivyo. Milio ilipotulia akanipakata.

"Kule Unguja waliingia na bunduki mpaka ukumbini kwetu, wakamuua ndugu yangu," akasema. "Babu yako akaniahidi ya kwake haitalia maisha. Basi, mwanangu, mie nakaa humu najua: katika zote hizo, moja hainitishi."

Toka siku ile, kila Idi nilikaa naye stoo, sahani ya vitumbua magotini, nikimziba masikio kwa mikono yangu. Sikumwambia mtu, hata kaka.

Bibi naye ameshatangulia. Uwanja ule umekuwa maegesho ya magari, na razha wajukuu wanaiangalia kwenye simu. Kaka akiuza sitamzuia. Chuma ni chuma. Tulichokuwa nacho kiliondoka Idi ya kwanza baada ya babu kufariki. Kaka, kwa kumuenzi, aliitia bunduki ile risasi, akaja kuipiga mlangoni petu. Kuta zikatikisika. Akapiga ukelele kwa furaha, "Bibi, umeisikia? Ya babu hiyo!"

Bibi hakutetemeka. Aliishika mikono yangu, akaishusha taratibu kutoka masikioni mwake.

"Sasa kweli hayupo," akasema.