Mwanya wa Daraja la Chuma

Kuna siku moja naikumbuka kila nikisikia watu wanachanganya saruji, mwanangu. Leo naikumbuka zaidi, kwa sababu nimeambiwa wewe na wenzako mmekabidhiwa daraja letu la zamani, lile la chuma la bondeni, njia ya Masasi kwenda Newala. Magari yana daraja jipya. La zamani mlitunze kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Nimefurahi mno. Ila nasikia mnataka kuziba ule mwanya wa upande wa Newala. Subirini kwanza.

Nilikuwa fundi mwashi kijana kwenye kikosi cha kulitunza daraja hilo, mikono hodari, masikio sifuri. Nilikuwa nimeposa binti wa kijiji cha Mkunya. Siku hiyo mama yake alipita darajani na ndoo ya togwa, akanasa kidole cha mguu kwenye mwanya ule, togwa yote chini. Nilitamani ardhi inimeze! Kabla jua halijazama nikaujaza mwanya saruji, nikausawazisha kwa mwiko ukawa laini. Mama mkwe akanisifu Mkunya nzima, nami kichwa kikavimba.

Likaja joto la msimu wa korosho. Adhuhuri moja daraja likalia, kah! Ukuta wa mawe unaolibeba ukapasuka, ufa wa kuingiza kidole.

Msimamizi wetu alikuwa Mmakua wa Masasi, Baba Salima, mtu mpole kupita kiasi. Akaniita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huu mwanya sisi tunauita pumzi. Umewahi kuuliza kwa nini?"

"Hapana, baba."

"Chuma kikipata joto kinarefuka. Waliolijenga walikiachia nafasi ya kujinyoosha. Wewe umekiziba pua."

Hakupandisha sauti. Ningefurahi angenitukana, maana upole wake uliniuma zaidi. Tukaivunja saruji ile kwa tindo siku mbili, mimi na yeye, mzee mzima amepiga magoti kwa kosa langu. Kisha tukaufunika mwanya kwa bati nene, tukalikaza upande mmoja tu, ule wa pili uteleze. Miguu ikapita, chuma kikapumua. Binti nilimpata, ndiye huyu mama aliyekuletea chai.

Ufa ule tuliushona kwa mawe, lakini kovu lipo. Watu husema ni uzee wa daraja. Si uzee, mwanangu, ni mimi.

Basi kwangueni kutu mpaka chuma safi kionekane ndipo mpake rangi, na mbao zilizooza mzibadilishe. Mwanya uacheni, bati likichakaa, wekeni jingine. Na popote utakapoachiwa kazi ya waliokutangulia, usione kasoro ukakimbilia mwiko. Uliza kwanza kwa nini waliifanya vile, na kama mwenye kujua yu hai, mfuate upesi. Mimi nipo, lakini sitakuwepo siku zote.

Nakupenda, ndiyo maana nasema. Mungu akupe mkono usio na papara, na kila atakayevuka hapo afike kwake salama, hata asipojua ni nani aliyemtunzia njia.