Mlango wa Gari la Bi Harusi

Juzi nilipomwona kijana akipitisha mashine ya kung'arishia juu ya gari, harufu ya polishi ilinirudisha Malindi, kwenye karakana ya baba, fundi rangi. Alasiri moja nikiwa mdogo, gari jeusi lilingoja kwenda kumchukua bi harusi. Nami, nikitaka kusaidia, niliusugua mlango wake kwa makumbi ya nazi na mchanga, kama nilivyosugua masufuria nyumbani.

Baba alipoiona mikwaruzo alishusha pumzi, akachukua msasa laini na maji. Rangi ikazidi kufifia. Nikalia, nikidhani anauharibu kwa hasira.

"Ngoja, mwanangu. Kwanza mikwaruzo iwe midogo, ndipo mashine iifute."

Mashine ikavuma, na polepole uso wangu uliolowa machozi ukatokea mlangoni.

Mwenye gari alipofika alishangaa. "Fundi, mbona mlango huu unang'aa kushinda mingine?"

"Kausugua binti yangu," baba alijibu.