Herufi Moja Mbele ya Wakwe

Bado naikumbuka asubuhi niliyotoka Tunduma na furushi la vitenge begani na mashine ya kadi mfukoni, bila mpango wowote. Sikujua nitalala wapi. Hata jina kamili la mtu niliyemfuata sikulijua. Nilijua tu anaitwa Mama Neema wa Ivuna, na kwamba kwa mdomo wangu nilikuwa nimeiweka posa ya binti yake hatarini.

Mwanangu, shule niliiacha darasa la sita nikaanza kuzunguka. Nimebeba kahawa Iyula, nimefagia ofisi za watu Vwawa. Kila kitu kipya nilitaka kujua ndani yake kuna nini. Ndiyo maana nilipoanza kuuza vitenge katika chumba nilichopanga Tunduma, nikawa wa kwanza mtaani kwetu kuchukua mashine ya kadi. Mtandao ukisuasua, niliiweka dirishani. Dirisha lenyewe lilitazama Zambia.

Mama Neema alikuja siku moja kabla ya safari hiyo, akiwa na shangazi wawili wa kijana aliyemposa Neema. Alijitambulisha kwa jina hilo, akasema ametoka Ivuna na anataka kuwanunulia sare ya harusi. Walipomaliza kuchagua, akachomeka kadi, akabonyeza namba yake ya siri. Mashine ikalia, karatasi ikatoka: imekataliwa.

Nami, kwa sauti ileile ya kuitia wateja barabarani, nikasema, "Mama, umekataliwa!"

Ona herufi moja ilivyofanya kazi. Iliyokataliwa ilikuwa kadi. Mimi nikamkataa mtu, tena mbele ya wakwe.

Shangazi mmoja alicheka hadi akashika mlango. "Makubwa! Mama mkwe wa mtoto wetu kakataliwa hata na mashine!"

"Jaribu nyingine kama unayo," nikaongeza, kana kwamba sijaharibu vya kutosha.

"Ninayo hii moja," Mama Neema alisema polepole. Akakunja vitenge kimoja kimoja, akavirudisha mkekani. Shangazi wa pili, yule mkimya, ndiye aliyenitisha zaidi. "Twendeni," alisema. "Leo tunalala kwako, mama. Kesho tukirudi kwa kaka, tutaongea vizuri." Kaka huyo ndiye baba wa kijana; neno lake lingeweza kuvunja posa.

Walipotoka, bibi mwenye nyumba akafunua pazia. "We kijana! Mwanamke anaoza binti yake, unamwambia amekataliwa? Wewe umekubaliwa na nani?"

Nikabaki naikodolea macho ile karatasi, na hapo nikaona kitu. Iliandikwa saa nne na robo, ilhali redio ya bibi ilikuwa imeshamaliza taarifa ya habari ya saa tano. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kumbe mashine yangu, pale dirishani, ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo! Nikachomeka kadi yangu mwenyewe, niliyojua ina fedha. Ikakataliwa. Nikaihamishia mashine uani, nikaizima na kuiwasha, nikarudia. Ikakubali.

Nilikimbia hadi stendi. Gari lao limeshaondoka, na namba ya simu ya yule mama sikuwa nimeichukua.

Kulipokucha nikadandia lori lililokuwa linafuata chumvi Ivuna.

"Unaenda kwa nani?" dereva akaniuliza.

"Kwa Mama Neema."

"Akina Mama Neema wako wangapi kule, unajua?"

Kila gari lililotoka huko nililichungulia, nikiogopa shangazi wamo, wanapeleka maneno kwa kaka yao.

Nyumba ya tatu niliyoulizia ndiyo ilikuwa kwake. Shangazi walikuwa wameshafunga mizigo. Mama Neema alikuwa kwenye kigoda anamenya karanga, hakuniangalia.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Jana kadi yako haikuwa na kosa. Mashine yangu ilishika mtandao wa Zambia. Kosa ni la mashine, na la mdomo wangu."

"Basi tuone," alisema yule shangazi mkimya.

Tukaenda wote hadi penye kichuguu, mahali ambapo simu hushika. Nilishaamua moyoni kwamba hata ikikataa, vitenge nitamwachia. Mama Neema akabonyeza namba. Mashine ikakaa kimya. Ikaendelea kukaa kimya. Kisha karatasi ikatoka, shangazi mcheshi akaichana na kuisoma: "Imekubaliwa."

"Kijana," Mama Neema akasema, "nani amekubaliwa?"

"Kadi, mama."

"Aa-a. Jana hukusema kadi. Sema kama ulivyosema jana."

"Mama, umekubaliwa!" nikapaza sauti hadi ng'ombe wakageuka.

Shangazi mcheshi akapiga kigelegele. Yule mkimya akarudi nyumbani, akafungua mzigo wake, akasema ataondoka kesho, kwanza ale hizo karanga. Nami, kwa kuwa lori lilikuwa linasubiri mzigo, Mama Neema akanitandikia mkeka katika kibanda cha magunia ya chumvi. Ndivyo nilivyopata pa kulala Ivuna.

Sasa, mwanangu unayeuzia nyumbani, nisikilize. Kadi ikikataa, punguza sauti na umsogelee mteja. Sema, "Mashine imegoma kidogo, ngoja niiangalie," maana mara nyingi ndiyo kweli yenyewe. Tazama mtandao, tazama saa kwenye karatasi, na usirudie kuchomeka kabla mteja hajasoma ujumbe kwenye simu yake kuona kama fedha zimeondoka. Muulize kwa upole kama ana njia nyingine ya kulipa. Kama hana, mwekee bidhaa pembeni na uchukue namba yake ya simu, usije ukapanda malori kama mimi. Na hata kama kweli kadi haina kitu, hilo ni jambo lake na benki yake. Waliosimama mlangoni haliwahusu.

Mungu akupe ulimi laini na macho ya kuona kosa lako mapema. Na siku utakapotoka bila kujua unakokwenda, akukutanishe na mtu uliyemkosea kabla uchungu wake haujakomaa, naye akutandikie mkeka.