Hadithi ya Mama Iliyokuwa Haiishi

Enzi zetu pale Maungu, kitabu kimoja cha hadithi kilisomwa na watoto sita, na aliyekaa pembeni aliona nusu ya picha tu. Hadithi zenyewe tulizipata nyumbani, mikono ikiwa kazini. Kwetu zilikuja na mavuno ya pojo. Mama aliketi kwenye kigoda, ungo mapajani, akipepeta, nasi watoto watatu tukachagua mawe kwenye sinia huku vumbi la maganda likituwasha puani. Jikoni kimanga kilikuwa kinatokota, na harufu ya maharagwe na mihogo ilitutesa kuliko vumbi. Watoto wangu leo wakiambiwa wachague mchele, wanauliza kwa nini tusinunue uliochaguliwa.

Mama alikuwa na hadithi nyingi, lakini tuliipenda moja. Kijana aliingia ndani ya mlima kutafuta jiwe la kijani, mlima ukampenda, ukamfungia mlango. Tangu hapo anatembea humo ndani akitafuta pa kutokea. Kila mavuno alisonga mbele kidogo. Mwaka mmoja alivuka mto wa maji baridi. Mwaka mwingine alipewa chakula na watu wasiojua jua. Mwaka niliokuwa darasa la sita, alisikia malori ya barabara kuu yakinguruma juu ya kichwa chake, akajua amekaribia nyumbani. Pojo zikaisha, na hadithi ikakoma hapohapo. Hatukulalamika, tulijua tutaendelea mavuno yajayo.

Mwaka uliofuata akaja Mwalimu Mghoi, aliyetufundisha Kiswahili kwa ukali na chaki ya rangi. Alituandikia ubaoni kwamba hadithi ina wahusika, ina mandhari, ina mgogoro, mgogoro unapanda hadi kilele, kisha unatatuliwa, na msomaji anaachiwa funzo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa kama mtu aliyeonyeshwa jinsi redio inavyofunguliwa vipande vipande, nikawa natafuta kila redio niifungue. Nilimwambia mama mboga kwamba porojo zake hazina kilele. Hadithi ya Mama nayo niliipima: mhusika mkuu yupo, mandhari ipo, mgogoro upo. Mwisho haupo, na funzo hakuna. Nikamwonea Mama huruma, maskini, hakusoma.

Basi nikamsaidia. Tulipopewa insha, niliiandika hadithi yake na kuimaliza vizuri. Mlima ulitikisika, mawe yakamwangukia yule kijana, akafa akiwa ameshika jiwe la kijani mkononi. Nikafunga kwa kuwaonya watoto wanaopenda mali kuliko wazazi wao. Nilipata thelathini na nne kwa arobaini, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa uani na ungo wake, na shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa amekuja kumsaidia. Nikasimama mbele yao kama mtangazaji nikasoma yote, hadi kwenye onyo. Nilipoinua macho, ungo ulikuwa umetulia.

Mama akaniuliza, "Nani alikwambia amekufa?"

Nikamjibu kwamba mwalimu amesema hadithi lazima iishe.

"Ya mwalimu iishe," akasema. "Yangu bado."

Akaingia ndani. Shangazi ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, akiendelea kupepeta ili asinitazame. Nilijua nina kaka mkubwa, Mwakio, aliyeondoka nikiwa bado nanyonya. Tuliambiwa yuko kazini mbali, nasi hatukuuliza, maana kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeko kazini mbali. Kumbe alikwenda kwenye machimbo ya vito upande wa Kasigau. Shimo liliporomoka, wenzake wakatolewa, yeye hakuonekana. Wazee walitaka matanga yafanywe, Mama akakataa.

Niliichana ile insha nikaitia motoni. Haikusaidia kitu. Mavuno yaliyofuata Mama alisimulia habari za sungura, na yaliyofuata hayo pia. Siku moja nilimwomba atuambie kijana amefika wapi. Akasema amesahau.

Leo mimi mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili mjini Voi. Naandika ubaoni maneno yaleyale, na wanafunzi wangu wanayakariri haraka, kisha wanasoma muhtasari wa hadithi kwenye simu bila kuifungua hadithi yenyewe. Nawacheka, lakini najua nani aliwatangulia. Sisi tuliwahi kupewa hadithi yenye mtu hai ndani yake. Wao wanapewa vipengele. Sijui kama nimewahi kuwafundisha tofauti hiyo.

Krismasi iliyopita niliwapeleka watoto wangu kwa Mama. Njiani niliwasimulia habari za yule kijana, nikaishia kwenye malori, sikuthubutu kuendelea. Tulipofika, binti yangu mdogo alimkimbilia bibi yake akamuuliza kama yule kijana alitoka mlimani.

Mama alimpakata, akamtengeneza nywele kwa muda mrefu.

"Muulize mamako," akamwambia. "Yeye ndiye aliyeimaliza."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.