Unga wa zambarau wa mdogo wangu, na siku mzee alipoingia maabara kuona unavyonasa mwanga

Wakuu, salaam kwenu nyote. Niko Makindye, Kampala. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sijasimuliwa, na chumvi sitaongeza.

Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa mwanajeshi. Mnivumilie.

Mimi nauza paneli za solar karibu na soko la Owino. Nilijiona mjuzi wa mambo ya jua.

Mdogo wangu, Akello, anasoma digrii ya pili ya kemia. Kila siku anarudi nyumbani na vidole vya zambarau. Anatengeneza vitu vinaitwa MOF, unga wa zambarau, anataka kuvitumia kwenye seli za solar.

Sasa kulikuwa na mambo mawili. Jamaa yetu alimtafutia kazi ya ofisini Bugolobi, na huko wanataka jibu. Chuoni nako msimamizi wake ameshasema: kama unga huo hauongezi umeme, abadilishe mada aanze upya.

Baba akasema, "Kabla ya kukataa kazi, mimi nataka kuona hiyo kitu."

Tukaenda maabara ya chuoni, Jumamosi asubuhi. Akello akatupatia miwani ya kujikinga. Mzee akaivaa juu ya miwani yake ya kusomea. Sikucheka, lakini kwa shida!

Akatuonyesha kichupa cha unga.

"Kaka, umeona mafundi wanavyofunga majukwaa ya kujengea ghorofa? Hii iko hivyo, ila ni ndogo sana, macho hayaoni. Viungio ni metali. Nguzo ni molekuli zinazofanana na ile rangi ya majani inayonasa jua. Katikati ni matundu matupu."

Nitoke nje ya mada kidogo. Alisema kuta zote za ndani za kijiko kimoja cha unga ule, ukizitandaza, zinaweza kufunika uwanja wa mpira. Nilibisha. Nikagoogle palepale. Banange, ni kweli!

Basi mwanga ukipiga nguzo moja, nguvu yake inaruka kwenda nguzo ya pili, ya tatu, mpaka ifike kwenye tabaka jeupe lililopakwa juu ya kioo. Hapo ndipo umeme unapoanza.

Kwenye fuwele za kwanza za unga huo alitumia zinki, unyevu wa msimu wa mvua ukazibomoa. Kwenye hizi ametumia metali ya zirconium, zinastahimili maji.

Akaweka seli mbili mezani, vipande vidogo vya kioo vyenye kimiminika cha kupitisha umeme ndani. Moja haina unga, nyingine inao. Akawasha taa kali, akapima umeme wa ile isiyo na unga. Kisha akapima yenye unga.

Namba ileile.

Wakuu, mdogo wangu akaitazama tena ile namba. Baba akatazama dirishani. Mimi nikaanza kuwaza ofisi ya Bugolobi.

Akello akazigeukia seli. Akainama, akaangalia nyaya. Kibanio kimoja kilikuwa kimekaa juu ya rangi iliyopakwa badala ya kioo kitupu kinachopitisha umeme. Akafuta, akabana tena.

Namba ikapanda, ikaiacha mbali ile ya kwanza. Akacheka kwa sauti.

Baba akauliza, "Itawasha taa?"

"Hapana, baba. Hata kuendesha saa ya mkononi haitoshi."

"Sasa unacheka nini?"

"Kwa sababu ile isiyo na unga imeachwa nyuma. Hiyo tofauti ndiyo nilikuwa natafuta."

Mzee akasogea, akakinga mwanga kwa kiganja. Namba ikaanguka. Akatoa mkono, ikapanda. Akarudia. Akarudia tena.

"Ukiweka metali ingine inakuwa namna gani?"

"Sijui, baba."

"Nani anajua?"

"Kwa hii niliyotengeneza mimi, bado hakuna."

Mzee akanigeukia. Akaniambia mimi, siyo Akello: "Pigia huyo wa Bugolobi. Mwambie atafute mtu mwingine."

Msimamizi amekubali aendelee. Ila niseme ukweli: seli ile baadaye ilidhoofika, kimiminika chake kilivuja. Anatengeneza nyingine. Msije dukani kuniulizia, bado sana kufikia paneli za kawaida.

Nilichojifunza: mtu akikujibu "sijui" huku macho yanang'aa, usimkimbize. Mwache aende akajue.

Wale mliosoma kemia, kimiminika cha ndani mnakizibaje kisivuje? Akello anasoma uzi huu, mwageni maujuzi.